Mwazimaji wa Bunduki

Shemeji yangu Regis Hudak hajawahi kumtoza mjane hata senti kwa kumwondolea theluji mlangoni. Nalisema hili mapema, kwa sababu mtakayoyasikia mbele yatawafanya mumwone shetani, na shetani haamki alfajiri ya Januari kunifungulia njia ya gari, akimaliza agonge dirisha la jikoni na kuuliza, "Shemeji, kahawa ipo, au nimefanya kazi ya bure?" Ni mtu mwema. Ndiyo maana nina hasira naye mpaka leo. Mtu mbaya humkasirikii, unamkwepa tu.

Amemwoa dada yangu Trudy. Ujana wake wote aliumalizia kwenye tanuri la kiwanda cha vioo, na kiwanda kilipofungwa akawa fundi wa mabasi ya shule. Ana tumbo la bia, sauti ya kuendeshea mnada wa ng'ombe, na mzaha kwa kila anayepita. Mimi napika kwenye ukumbi wa zimamoto, kwa hiyo harusi, bingo na matanga ya bonde hili lote hupita mbele ya sufuria zangu, na sijaona shughuli hata moja ambayo Regis hakuja kubeba meza.

Huku kwetu, magharibi ya Pennsylvania, bunduki ni kama sufuria. Hakuna nyumba isiyo nayo, na hakuna anayekuuliza ya nini. Na kwa kuwa ziko kila nyumba, tuna desturi moja ambayo haijaandikwa popote. Mwanamume akiachwa na mke, au akizika mtoto, au akianza kushinda amekaa peke yake na redio imezimwa, rafiki yake humwendea na kumwambia, "Bwana, bunduki yangu ina kasoro. Niazime yako." Mwenye nyumba humtazama, naye huelewa. Huenda kabatini akaleta ile iliyoombwa, kisha akaleta na zile ambazo hazikuombwa. Wanazipakia garini huku wakizungumza habari za mpira, basi. Sababu haitajwi. Zitarudi theluji ikishayeyuka, zimesafishwa na kupakwa mafuta, na hakuna anayeshukuru.

Ni mambo ya wanaume hayo. Mke anaweza kuona dalili mwezi mzima asilale, lakini si yeye wa kuomba. Akiomba yeye, mume atasema amevuliwa nguo nyumbani kwake mwenyewe. Mimi desturi hiyo niliiona ya kipumbavu tangu nikiwa msichana, lakini upumbavu uliookoa watu huwezi kuutukana sana.

Katika kuazima, Regis hakuwa na mfano. Mkuu wetu wa zimamoto, jitu lenye mabega ya mlango, lilipofiwa na binti yake, watu waliogopa hata kupita mbele ya nyumba yake. Regis alikwenda akaketi barazani.

"Niazime bunduki, mkuu. Yangu ina kasoro."

"Unazo chungu nzima, Regis. Zote mbovu?"

"Zote. Nilizaliwa na mkosi, muulize Trudy."

Alikaa pale kwenye baridi mpaka yule bwana akacheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kisha akaingia ndani kuzileta. Mkuu yu hai mpaka leo. Anacheza bingo na anadanganya.

Rafiki yake Regis wa chanda na pete alikuwa Vance Kostelnik. Walifanya kazi tanuri moja, walikodi kibanda kimoja cha kuwindia, na walifukuzwa kazi siku moja. Regis alipata mabasi. Vance hakupata kitu. Magoti yalikuwa yamekwisha, na alikuwa mtu mpole wa maneno machache, wa aina ambayo waajiri huisahau kabla haijatoka mlangoni.

Ndipo ikaingia ile mitindo ya bunduki za kujitengenezea. Watu waliagiza vipande kwa posta, wakavimalizia nyumbani, na kilichotoka hakikuwa na namba wala karatasi. Magazeti ya mjini yaliziita bunduki za mizimu. Majira yale ya baridi Regis alimwita Vance gerejini kwake, wakatengeneza bastola moja pamoja. Trudy aliwapelekea supu, akarudi akaniambia hajamwona Vance na uso mzuri hivyo tangu kiwanda kilipofungwa. Mikono yake ilikuwa imepata kazi. Walipomaliza, Regis alimpa ile bastola akasema, "Chukua. Mimi na wewe na Mungu tu ndio tunajua kama ipo." Marlene, mke wa Vance, alijua pia, maana ndiye aliyefua suruali iliyojaa vumbi la chuma.

Laiti yangeishia hapo. Lakini makanisa ya mjini yaliomba sherifu ashirikiane nao kuweka siku ya kusalimisha silaha. Unaleta bunduki usiyoitaka, huulizwi jina, unapewa kadi ya kununulia vitu supamaketi. Kaunti ikaitisha kikao katika ukumbi wetu kujadili jambo hilo, na shemeji yangu akagundua kwamba ile sauti yake ya mnada ilikuwa na kazi.

Alianza daktari mmoja wa kike kutoka hospitali ya mjini. Aliongea taratibu. "Silaha isiyo na namba ikifanya uovu, hatuwezi kujua imetoka wapi wala imepita mikono ya nani."

Regis akasimama. "Mama daktari, hata nyundo ya babu yangu haina namba. Anayetaka namba ni nani? Ni yule anayepanga kuja kuichukua kesho. Katiba haikusema nitengeneze kitu changu halafu nikakipigie muhuri kwa mkubwa. Bastola niliyoitengeneza kwa mikono yangu haina namba, lakini ina mwenyewe!"

Ukumbi ulitaka kupasuka kwa makofi. Hata mimi nilicheka, maana alilisema vizuri.

Daktari alingoja kelele zitulie. "Bwana Hudak, katika kaunti kama hii wengi wanaokufa kwa risasi hawauawi na majambazi. Wanajiua wenyewe, ndani ya nyumba zao."

Regis akashusha sauti. "Hayo si ya serikali. Hayo ni ya mtu na rafiki zake. Sisi huku tuna namna yetu, na haijawahi kumhitaji sherifu."

Alisema kweli, na nusu ya wanaume mle ndani walitazama viatu vyao. Vance alikuwa kiti cha nyuma kabisa, kofia juu ya goti, hapigi makofi. Nilikuwa napita na birika.

"Vance, kahawa?"

"Hapana, Rosalie. Hata bila kahawa silali."

Tangu siku ile Regis hakushikika. Alinunua mashine ya kuchapa vitu vya plastiki, akaiweka gerejini, nayo ikawa inavuma mchana kutwa kama friji mbovu. Vijana wa mitandaoni walimwita "mzee wetu". Wageni kutoka majimbo mengine wakamtumia salamu. Trudy alikuwa anakula chakula cha jioni na kiti kitupu.

Na mwezi wa tisa Vance aliuza bunduki zake za kuwindia. Ile ya babu yake hakuiuza, alimpa mpwa wake wa Ohio. Jamani, mtu anayegawa bunduki ya babu yake wiki chache kabla ya msimu wa kulungu hana mpango wa kwenda kuwinda. Hilo hata mpishi analijua. Regis, bingwa wa kuazima, aliambiwa na Vance mwenyewe kwamba magoti hayapandi mlima tena, akamjibu, "Basi nitakubeba mgongoni, mzee, lakini kulungu wote wangu," akacheka, akarudi kwenye mashine yake.

Marlene alinijia jikoni siku ya bingo. Ni mwanamke mrefu, mkavu, si wa kulia ovyo. Alishika kitambaa akawa anakausha sahani ambazo zilikuwa zimeshakauka.

"Shemeji yako hajapita kwetu siku nyingi," alisema.

"Yuko na mashine yake. Kuna nini, Marlene?"

"Imebaki ile moja. Ile waliyotengeneza. Anaiweka kwenye kisanduku cha ndoana za samaki." Akaweka sahani chini. "Kila nikifagia, naona kisanduku kimesogezwa."

Siku ileile nilimwambia Trudy, na Trudy akamwambia mumewe mbele yangu, "Nenda kwa Vance. Nenda ukaazime." Regis alikuwa ameinama juu ya ile mashine, miwani puani.

"Nitakwenda baada ya Jumamosi," alisema. "Jumamosi nina shughuli na sherifu."

"Nenda leo," nikasema mimi.

"Shemeji, Vance ni wangu mimi. Namjua kuliko nyie mnavyojua maji ya kuchemsha viazi. Baada ya Jumamosi."

Jumamosi yenyewe, siku ya kusalimisha silaha, ilikuwa ya Oktoba, jua zuri, majani mekundu milimani. Meza za sherifu zilipangwa kwenye uwanja wa magari wa kanisa, na mimi niliombwa kuleta kahawa na donati. Wajane walileta bunduki za marehemu zilizofungwa kwenye mashuka. Watu walikuwa wapole, wanasema asante, wanachukua kadi. Kisha Regis akafika na gunia begani, nyuma yake kundi la mashabiki wameinua simu.

Askari aliyekuwa mezani aliitwa Tressler, kijana wa hapahapa.

"Umeleta nini, Regis?"

"Silaha za kutisha, afande. Nimeona mwanga. Nimeokoka."

Akalimwaga gunia mezani kama mtu anayemwaga viazi. Zilikuwa bastola za plastiki, za bluu na za machungwa, chungu nzima.

"Hizi ni midoli," Tressler akasema.

"Karatasi yenu inasema silaha yoyote ya kujitengenezea, na hizo ndizo zenye kadi kubwa kuliko zote. Hizi nimejitengenezea mwenyewe. Ile ya chini bado ya moto, angalia usiungue."

Watu wakavunjika mbavu. Tressler akampigia simu mkubwa wake, mkubwa akampigia mwingine, mchungaji akawa anafuta jasho kwenye baridi. Karatasi ilisema hivyo kweli. Wakamlipa. Regis akazitandaza zile kadi akajipepea nazo mbele ya simu, akatangaza kwamba sherehe ijayo ya zimamoto nyama ya nguruwe itatoka kwa sherifu. Sitawadanganya, ilichekesha. Waliotunga karatasi ile walikuwa wajinga, na Regis aliwaonyesha ujinga wao mchana kweupe.

Lakini Tressler alikuwa ameshaaibishwa, na mtu aliyeaibishwa hutunga sheria haraka. Alipanda juu ya kiti akapaza sauti, "Za kujitengenezea basi! Yoyote isiyo na namba hatupokei tena mpaka wanasheria waseme!"

Gari lililofuata kwenye foleni lilikuwa la Marlene.

Alishuka na mfuko wa karatasi wa kuwekea mkate, ameukumbatia. Mimi nilikuwa karibu na meza, nilisikia kila neno.

"Hii si ya plastiki," alimwambia Tressler.

Askari alichungulia mfukoni. "Naona, mama. Lakini haina namba."

"Sitaki kadi. Ichukueni tu."

"Si habari ya kadi. Nikipokea hii yako, wale pale watanirudia na gunia la pili, na kazi nitakosa mimi. Njoo baada ya wiki mbili, tutakuwa tumepata jibu."

"Wiki mbili," Marlene akasema. Hakubishana. Aligeuka akamtazama Regis, aliyekuwa ameegemea gari lake katikati ya wale mashabiki, akatembea mpaka kwake. Mfuko aliunyoosha mbele kidogo, kama mtu anayerudisha bakuli la jirani.

"Regis," alisema, "hutaki kuazima kitu?"

Tangu nizaliwe katika bonde hili sijasikia mwanamke akitamka neno hilo kwa maana ile. Niliweka birika chini. Na Regis alilisikia, msiniambie hakulisikia, nilimwona. Uso ulimbadilika, kicheko kikamkauka mdomoni. Kama wangekuwa wawili tu, angeupokea ule mfuko na kuanza kuzungumza habari za mpira.

Lakini hawakuwa wawili. Jamaa mmoja mwenye simu akapayuka, "Ee, hata mke wa Vance! Vance anajua kama unamuuza?" Wakacheka wote. Regis akazitazama zile simu, akarudisha uso wake wa mnada.

"Mimi naazima kwa wanaume, Marlene," alisema. "Siazimi kwa wake zao."

Kicheko kikapanda. Akachungulia mfukoni, akaitambua kazi ya mikono yake. Hapo alisema kwa sauti ya chini kidogo, nadhani alidhani anamsitiri. "Irudishe ulikoitoa, dada, kabla hajaamka. Haina namba, lakini ina mwenyewe."

Wakapiga makofi. Kwa ajili ya maneno yale walipiga makofi!

"Regis!" nikapiga kelele. "Pokea huo mfuko, mpumbavu wewe!"

"Shemeji, mimina kahawa."

Marlene alikuwa ameshageuka. Nilimkimbilia na viatu vyangu vya mpira vya jikoni, nikaligonga gari ubavuni, lakini hakusimama. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakuitupa mtoni, mto uko njiani. Aliniambia, "Walinitazama wote kama mwizi, Rosalie. Nikajiona mwizi. Nilichotaka ni kuirudisha mahali pake kabla Vance hajafumbua macho." Vance usiku alikuwa hapati usingizi, kwa hiyo usingizi ulikuwa unampitia asubuhi. Marlene aliirudisha kwenye kisanduku, akapika mayai.

Sikumwacha Regis apumue. Nilimfuata mpaka mlangoni mwa gari lake na aproni yangu. Alisema atapita jioni. Jioni ikawa na sherehe klabuni, watu wakimnunulia bia, video yake ikizunguka. Trudy alimpigia simu, naye akajibu kesho, baada ya kanisa.

Na alikwenda. Lazima niseme haki, alikwenda. Jumapili alitoka misani moja kwa moja, akatandika blanketi nyuma ya gari lake kama afanyavyo siku zote ili bunduki zisikwaruzike. Alipokata kona ya kwa Kostelnik, gari la sherifu lilikuwa limeshasimama pale, na Marlene ameketi kwenye ngazi na nguo zake za kanisani, ufunguo bado mkononi. Alikuwa amekwenda ibada ya asubuhi. Vance alikuwa amemwambia aende, atabaki apumzike.

Tulimzika Alhamisi. Chakula cha matanga nilikipika mimi ukumbini, kabichi na tambi, viazi vya jibini, na mapaja ya nguruwe ya kuoka ambayo Regis aliyaleta asubuhi na mapema, akayaweka kwenye meza yangu. Nilijua yamenunuliwa kwa kadi zipi. Nilitaka kuyatupa kwa mbwa. Lakini watu walikuwa wengi na nyama ya kupika sina, kwa hiyo niliyakata vipande kwa hasira, na watu wakala wakasifu.

Watu walipokuwa wanakunywa kahawa, Tressler aliingia bila kofia. Alimwendea Marlene akainama. Hakuwa na adabu mbaya, kazi ilimtuma.

"Samahani sana, mama. Taarifa yangu haifungiki. Ile bastola haina namba, siwezi kuandika ilitoka wapi. Vance aliipata kwa nani?"

Alikuwa ni yuleyule aliyeitazama ndani ya mfuko Jumamosi. Marlene alimtazama mpaka masikio yakamwiva mekundu. Kisha akainua kidole, akaelekeza upande wa pili wa ukumbi, ambako Regis alikuwa anakunja meza.

"Muulize yule," alisema, wala hakupaza sauti. "Haina namba, lakini ina mwenyewe."

Ukumbi wote ulisikia. Regis alisimama na meza imemwegemea pajani. Mtu yule aliyeapa mbele ya kaunti nzima kwamba hatamwambia askari hata rangi ya soksi zake akaiegemeza meza ukutani.

"Ni yangu," alisema. "Niliitengeneza mimi."

Sheria haikumkuta na kosa. Walimhoji, wakaandika, wakamwacha aende zake. Kumbe hakuna kifungu cha kumkatalia mwanamke mfuko wa mkate. Yule daktari aliandika gazetini kuhusu Vance bila kumtaja jina, na marafiki wa Regis wa mitandaoni wakaandika kwamba serikali inamwonea mzee wao. Wote walimtumia Vance kwa faida yao, na hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba alipenda kuimba besi kwenye kwaya ya Krismasi. Video iliendelea kuzunguka. Mwezi wa kumi na mbili lilikuja kwa posta furushi kutoka kwa shabiki wa Texas, ndani mna fulana zilizochapwa kifuani maneno ya Regis, haina namba, ina mwenyewe. Trudy anazipigia deki.

Regis aliizima mashine. Mabasi anakwenda kutengeneza, anarudi, anaingia gerejini, anaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Theluji ya kwanza ilipoanguka alikuja kunifungulia njia kama kawaida, lakini hakugonga dirisha. Nilimpelekea kahawa garini. Aliipokea akaishika mpaka ikapoa.

"Niliuona ule mfuko, Rosalie," alisema. Hakuniita shemeji. "Niliuona na nilijua ni nini."

"Najua ulijua."

Sikumwambia asijali. Labda mwingine angemwambia hivyo. Mimi siwezi kusema uongo kabla ya saa moja asubuhi.

Baada ya Krismasi Trudy alinipigia simu akinong'ona. "Redio ya gerejini ameizima," alisema. "Anakaa tu mle. Wiki ya pili sasa." Nikamsikia akifunga mlango. "Hakuna aliyekuja, Rosalie. Nangoja kila siku nisikie gari. Hakuna anayekuja kuazima."

Nani angekuja? Mganga hajigangi, na mganga wa bonde hili alikuwa yeye. Wanaume aliokuwa ameazima kwao walikuwa wamezoea kuokolewa naye, si kumwokoa, na wengine walikuwa bado wanamkumbuka Marlene akitembea peke yake kuelekea kwenye gari lake. Rafiki ambaye angekuja kabla hata Trudy hajaona dalili tulikuwa tumemzika Alhamisi ile.

Nilivaa viatu vyangu vya mpira nikaendesha gari mpaka kwao, mchana, majirani wote wakiona. Alifungua mwenyewe. Ndevu zilikuwa hazijanyolewa.

"Regis, bunduki yangu ina kasoro."

Alinitazama. "Shemeji, wewe huna bunduki."

"Ndiyo kasoro yake hiyo. Niazime zako."

Nilidhani atanifukuza. Nilikuwa nimejiandaa na matusi njia nzima, ningemwambia kama haazimi kwa wanawake, leo mwanamke anaazima kwake. Lakini aligeuka akaingia ndani. Alileta bunduki ya kulungu. Akaleta ya bata mzinga, na ile ya marehemu baba yake. Trudy alikuwa amesimama kwenye ngazi za ndani, mikono ndani ya aproni, anatazama kila inayopita. Nilitandika koti langu nyuma ya gari zisikwaruzike. Tulizungumza habari za mpira. Mimi mpira siujui, nilisema tu kwamba timu yetu mwaka huu ni mbovu, akasema ndiyo, ni mbovu.

"Ndizo hizi?" nikamuuliza.

"Hizo ndizo zenye namba."

Nikabaki nimesimama, mlango wa gari umefunguka, upepo unapiga. Alielewa. Aliingia gerejini akarudi na bastola mbili zisizo na alama yoyote, akaziweka juu ya koti taratibu.

"Zimeisha?"

"Zimeisha, shemeji."

Alinitazama machoni aliposema. Zile za kwanza, kama ningekuwa na shaka, zina namba na karatasi, mtu anaweza kwenda dukani zilikonunuliwa akauliza. Hizi nyingine ningemuuliza nani? Zilijulikana na yeye na Vance na Mungu, na kati ya hao watatu aliyebaki wa kunijibu ni yeye. Nilimwambia asante, neno ambalo desturi hairuhusu, nikawasha gari.

Zimefungiwa kwenye chumba cha chini ya nyumba yangu, nazipaka mafuta kwa kufuata maelezo ya mkuu wa zimamoto. Regis anakwenda kazini, anarudi. Trudy anafagia ile gereji kila asubuhi, na kabla hajaanza kufagia huangalia kwanza kama kuna kitu kilichosogezwa.